Majina Niliyoyaweka Winguni

Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani, chupa ya chai na blanketi, na kutokana na zawadi hizo mtu anaweza kujua ofisi inafikiri nitakuwa nikifanya nini. Kemunto, aliyechukua kiti changu, aliniomba kitu kingine: niwaandikie ninyi mnaobaki jinsi kazi yetu ilivyokuwa. Nimekubali kwa sharti moja. Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vyangu vilipakwa mlangoni kwa rangi ambayo imeshabambuka, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya mashine, juu ya ukungu, na juu ya mtu mmoja aliyeitwa Nyakundi, ambaye wengi wenu mlifanya naye kazi bila kumjua.

Nyakundi alikuwa kaka yangu mkubwa. Nyumbani kwetu, mbele kidogo ya Nyamache, chai ilianza mlangoni ikaishia mtoni, na yeye ndiye aliyeichuma ili mimi nisome. Kila nilipotoka shule nilipitia kituo cha kununulia majani nikamkuta kwenye foleni, kikapu mgongoni, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Karani aliita majina kwa sauti, moja moja, na mwenye jina akasogea kwenye mizani. Kulikuwa na desturi pale ambayo sijaiona kwingine. Kama mtu ameitwa na amesogea kando kidogo, jirani au ndugu humjibia: "Yuko, anakuja." Karani akisikia hivyo hungoja. Asiposikia kitu, huita jina linalofuata. Nyakundi alikuwa mtu wa maneno mengi na kila mara alikuwa kando akichekesha watu, kwa hiyo kumjibia ilikuwa kazi yangu. Naweza kusema ndiyo kazi yangu ya kwanza, na niliipenda kuliko zote.

Aliugua wakati wa mvua nikiwa bado sekondari, na hakupona. Baada ya mazishi majirani walituchumia, mama na mimi tukapeleka majani kituoni. Karani alikuwa mgeni, hakuwa na habari. Akaita jina la Nyakundi. Mdomo wangu ulijua la kusema na haukufunguka. Mama alitazama chini. Karani akaita jina lililofuata, na foleni ikasogea. Sijawahi kuhuzunika kama siku ile, hata kaburini sikuhuzunika vile.

Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Hivyo jina hurudi nyumbani, likaitwa kula, likagombezwa, likatumwa maji. Jina la Nyakundi halikurudi. Hakuwa ameoa. Mimi nilijaliwa mabinti, na dada zangu waliopata wavulana walitakiwa kuwapa majina ya upande wa waume zao. Mama hakulalamika, ila mara kwa mara aliuliza nani anatarajia, kisha akanyamaza. Wekeni jambo hili akilini, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mwanamke mzima aligombana na kompyuta.

Siku yangu ya kwanza katika chama cha wakulima pale Nyamira nilipelekwa kwenye chumba kilichokuwa ghala la mbolea. Mbolea ilikuwa imeondoka lakini harufu ilibaki, na mpaka leo nikinusa mbolea nakumbuka seva, kompyuta kuu ya chama. Aliyenipokea alikuwa Bwana Salim, kijana wa familia ya wauza vitambaa wa mjini Kisii, ambaye nduguze walikuwa bado hawajamsamehe kwa kuacha duka. Alinionyesha mashine ile kubwa iliyokuwa ikinguruma pembeni, akaniambia nisiiguse. Nikauliza basi kazi yangu ni nini. Akasema ni kungoja.

Hakuwa akitania sana. Umeme wa Nyamira wakati ule ulikuja na kuondoka kwa hiari yake, na kila ulipokatika mashine ilichukua muda mrefu kuamka na kujikagua. Mafundi wengine waliipiga kofi, au waliizima na kuiwasha tena, wakaiharibu. Bwana Salim alichemsha chai. Alisema mashine ikiamka yenyewe itatueleza ilipofikia, na ukiiharakisha itasema uongo. Tulikaa dirishani tukitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni, mashamba yakionekana kipande hapa, kipande pale, paa la bati, mgomba, kichwa cha mtu kikielea juu ya chai bila mwili. Nilikuwa naota nikiwa macho, na nililipwa kwa hilo. Mengine aliyonifundisha mnayajua kutoka kwangu: kwamba nakala ya akiba ya data ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha si nakala, na kwamba mtu anayejua nywila ya mwenzake atalaumiwa siku moja. Bwana Salim alistaafu zamani akarudi dukani. Nikienda kununua kitambaa, kabla ya kunipimia huniuliza kama nakala ya jana imechukuliwa.

Miaka ilikwenda. Mashine zilipungua ukubwa, nikaongezeka mimi. Kisha chama kikaamua kutengeneza programu ya simu ili mkulima aone kilo zake mwenyewe siku ileile, bila kusubiri kuambiwa. Wakaajiriwa vijana, wakiwemo Kemunto wa hapa Nyamira na Ogeto wa Suneka. Vijana walihitaji hifadhidata ya kujaribia kazi zao, ambayo wangeweza kuivunja bila mkulima yeyote kuumia. Mashine ya ghalani haikuwa na nafasi. Meneja akaniambia nitafute njia ya bei nafuu, na alipotamka neno nafuu alinitazama machoni ili nisije nikasema sikusikia.

Ndipo nikaingia winguni. Nilipoieleza kamati kwamba data ya majaribio itakaa kwenye wingu, mjumbe mmoja aligeuka akatazama nje, na kwa kweli siku hiyo mawingu yalikuwa chini sana. Nikamweleza kwamba ni kompyuta za watu walio mbali, tunazikodi kwa muda tunaozitumia tu, tukiziacha hatulipi. Akaridhika. Alisema ni kama kukodi ng'ombe wa kulima, na sijapata maelezo bora zaidi.

Kwa ninyi mtakaokuja kufanya hivyo, nilianza hivi. Kabla ya kuunda chochote niliweka tahadhari ya kunitumia ujumbe matumizi yakikaribia kikomo. Nilichagua mashine ndogo kabisa, kwa sababu majaribio hayahitaji nguvu, yanahitaji uvumilivu. Kila kijana nilimpa chumba chake ndani ya hifadhidata moja, na ufunguo wake, asiingie kwa mwingine. Kila kitu kilichoundwa kilibandikwa lebo ya jina la aliyekiunda. Hatua zote za kujenga mazingira yale niliziandika katika faili moja la maelekezo, ili siku yakibomoka kompyuta iyajenge upya yenyewe kwa kulisoma. Na jambo kubwa lililotuokolea gharama: hifadhidata ile ilikuwa ya aina inayolala. Ikikaa kimya bila kuulizwa swali, inajifunga na malipo yanasimama. Anayekuja wa kwanza asubuhi anabisha, anangoja kidogo, inaamka.

Wa kwanza nilikuwa mimi kila siku. Nilibisha, nikamimina chai, nikasimama dirishani. Ukungu ulikuwa uleule wa siku za Bwana Salim. Mahali fulani mbali sana kitu kilikuwa kikifumbua macho kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nikitazama vilima vikitokeza kimoja baada ya kingine. Sidhani kama kuna mtu aliyefurahia kungoja kompyuta kama mimi.

Baadaye likaja suala la majina. Data ya wakulima wa kweli haikuruhusiwa kwenda kwenye majaribio, na nilisimamia hilo kwa ukali. Vijana wakatumia programu ya kubuni majina. Ikawapa wakulima wenye majina ya nchi za baridi, kila mmoja tofauti na mwenzake, na programu yetu ikaonekana inafanya kazi vizuri sana. Tulipoipeleka kituoni ikakwama siku hiyohiyo. Kwetu majina hurudi, kwa hiyo katika kilima kimoja utakuta akina Moraa kumi na wote ni watu na shangazi zao, na programu ilishindwa kuwatofautisha. Vijana hawakuwa wamelijaribu hilo, ingawa kila mmoja wao mwenyewe alibeba jina la babu au bibi.

Nikasema majina nitayaandika mimi. Nilikaa nikaandika watu wa kilima chetu walioaga dunia, ninaowakumbuka: wazee, wamama wa chai, mwalimu wangu wa kwanza, jirani aliyetuchumia baada ya mazishi. Marehemu hana namba ya simu wala siri inayoweza kuvuja. Hiyo ndiyo sababu niliyompa meneja, na ni sababu nzuri. Mkulima wa kwanza kabisa nilimwandika Nyakundi, pamoja na jina la baba yetu.

Kemunto akatengeneza kiprogramu kidogo cha kuwafanya wakulima hao walete majani kila asubuhi, kilo za kubahatisha. Kwa hiyo nilipobisha na hifadhidata ikaamka, jambo la kwanza nililoliona ni kaka yangu ameleta majani. Siku nyingine mengi, siku nyingine kidogo, na nikiona kidogo nilijikuta nawaza labda jana kulinyesha. Nilijua vizuri kwamba ni namba tu. Nilifurahi hivyo hivyo. Nilijiwazia kwamba ndani ya mashine ile kuna kilima chetu chenye ukungu wake, na watu wanatelemka taratibu na vikapu, hakuna anayeugua. Nilifanya kazi miaka mingi na kompyuta na sikutegemea kwamba mwishoni ingenipa kitu kama hicho.

Halafu ile tahadhari niliyoiweka ikaanza kuniletea ujumbe. Matumizi yalipanda. Nikapunguza hiki, nikafunga kile, yakapanda tena. Meneja akaniita. Alisema kwa upole kwamba hali ikiendelea hivyo mazingira yote yatafutwa, kila kijana arudi kwenye kompyuta yake, na programu ya wakulima itasimama kwanza. Niliitikia kwa adabu, lakini moyoni nilisikia karani akiita jina linalofuata.

Nilichunguza nikagundua hifadhidata hailali. Kila baada ya muda mfupi kulikuwa na kitu kinaibishia, usiku na mchana, kinauliza swali dogo lisilo na maana kisha kinaondoka. Nilitazama lebo yake. Ilikuwa ya Ogeto.

Ogeto ni kijana mrefu, mpole, ambaye husimama mtu mzima akiingia hata akiwa na sahani mkononi. Nilimwita nikamwonyesha. Hakukana. Alitazama viatu vyake.

"Madam, nilikuwa nakuona kila asubuhi umesimama unangoja hiyo kitu iamke," alisema. "Kwetu mtu mzima hangojei kwa mlango. Ata kama ni mlango ya computer. Ndio nikaweka kitu ya kuiamsha, ndio ukikuja upate iko wazi."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Gharama zote zile, vikao vyote vile, na chanzo chake kilikuwa malezi mema ya mama mmoja wa Suneka. Nilicheka mpaka nikafuta machozi, na yeye akazidi kuona aibu. Nilimweleza kwamba kungoja pale dirishani ndio wakati niliokuwa nikiupenda zaidi katika siku nzima, na kwamba alikuwa amekaribia kuninyang'anya kwa heshima. Tuliondoa kibishaji chake pamoja. Kesho yake nilikuta imelala, nikabisha, nikangoja, na yeye alisimama kando yangu akingoja pia, kwa sababu hakuweza kukaa.

Meneja alifurahi lakini hakutosheka. Aliyekwisha kuona bei ikishuka hutaka kuiona ikishuka tena. Hapo Kemunto akaja na wazo lake. Alipendekeza kila Ijumaa jioni tubomoe mazingira yote, tusiache hata kitu kimoja cha kulipiwa, na Jumatatu asubuhi tuyajenge upya kutoka kwenye lile faili langu la maelekezo. Ofisi nyingi hufanya hivyo, na ni njia safi. Nilikataa. Nilitoa sababu za kitaalamu, moja baada ya nyingine, kuhusu muda wa kujenga, kuhusu intaneti yetu, kuhusu kilo zote zilizokusanywa ambazo zingepotea. Kemunto alizijibu zote bila haraka. Zilipokwisha, vijana wengine wakiwa wametoka, aliniuliza swali moja.

"Madam, Nyakundi ni nani?"

Nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote ofisini, na nilimwambia yeye yote: kikapu, foleni, karani mgeni, mdomo wangu uliokataa kufunguka. Nilimwambia naogopa kubonyeza kitufe cha kumfuta kaka yangu kila Ijumaa mpaka nistaafu, na kwamba mara ya kwanza ilitosha.

Kemunto alivuta kiti chake karibu na changu. Kisha akalifungua faili la maelekezo akanionyesha sehemu ya majina niliyoiandika mwenyewe, ambapo Nyakundi ni wa kwanza.

"Kilo ndizo zitapotea," alisema. "Jina haiendi. Jumatatu tukijenga, yeye ndio mtu wa kwanza kuingia, kabla ya sisi wote. Si hivyo ndio sisi hufanya na majina?"

Nikakubali. Ijumaa hiyo vijana walikusanya mizigo yao wakanisubiri mlangoni; nadhani Kemunto alikuwa amewaeleza. Nilibonyeza. Kwenye skrini vitu vilitoweka kimoja kimoja, vyumba vya vijana, wakulima, majani yao. Nilirudi nyumbani nikakaa Jumamosi na Jumapili nikipalilia maharagwe yasiyo na magugu. Jumatatu nilifika mapema kuliko kawaida, nikaiambia kompyuta ijenge, nikamimina chai. Ukungu ulikuwa mzito, hata uzio haukuonekana. Nilipogeuka kutazama skrini alikuwa amekwisha kuingia, peke yake, hana hata kilo moja, siku inaanza. Nililia kidogo, lakini ni kilio ambacho mtu anaweza kunywea chai.

Tuliendelea hivyo mpaka nilipostaafu. Nilijifunza kumwacha aende Ijumaa. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyojifunza kazini, na hakuna cheti chake.

Sasa nakaa Nyamache na mama. Amezeeka sana, magoti yamekataa mteremko wa shambani, lakini masikio na akili viko sawasawa kuliko vyangu. Jumatatu iliyopita tulikuwa barazani, yeye anachambua maharagwe, mimi nimejifunika lile blanketi la kustaafu, simu ikalia. Alikuwa Kemunto. Alisema wamemaliza kipengele kipya cha programu: kituoni simu itaita jina la mkulima kwa sauti, kwa ajili ya wale wasioona vizuri au wasiosoma, kisha karani atabonyeza ili iite linalofuata. Sauti yenyewe ni ya Ogeto. Wamekwisha kujenga mazingira ya wiki, wanataka kuijaribu kwa mara ya kwanza, na wameona si vizuri kuijaribu bila mimi kusikia.

Niliweka simu juu ya kigoda na kuongeza sauti. Sikumwambia mama chochote. Sikuwahi kumweleza habari za wingu, kwa sababu sikujua ningeanzia wapi.

Sauti ya Ogeto ikatoka, nzito kidogo, yenye adabu, ikiita kama wanavyoita kituoni, jina la mtu na la baba yake. Iliita Nyakundi, na ikamtaja baba yetu.

Mikono ya mama ilisimama ndani ya ungo. Hakuniuliza ni nani anayeita wala anaita kutoka wapi. Aliinua kichwa akatazama ng'ambo ya uzio, kwenye chai, ambako ukungu ulikuwa haujainuka, na akajibu kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti kubwa, kama mtu anayetaka kusikika juu ya kelele za foleni.

"Yuko. Anakuja."

Upande wa pili Kemunto alikuwa amesikia. Alingoja kwanza kabla ya kubonyeza jina linalofuata, kama karani anavyongoja.